Kukompaili Linux kwenye mashine ya GB 4: jibu kwa fundi wa Nyegezi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi kompyuta, nina stationari ndogo karibu na stendi ya Nyegezi hapa Mwanza. Nina kompyuta mpakato ya Core i3 kizazi cha tatu, RAM GB 4, diski ni HDD ya kawaida. Nataka kuweka Gentoo, ile Linux unayoijenga kutoka msimbo chanzo, na kukompaili kila kitu mwenyewe ili mashine iwe nyepesi. Nilifika hatua ya kusasisha mfumo mzima, ikafika kwenye kifurushi kikubwa cha LLVM ikagoma, ikaandika g++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus. Nikaanza upya, umeme ukakatika. Bando nalo linaisha. Niendelee au mashine hii haifai? Na nikimaliza, kweli itakuwa na kasi kuliko Linux Mint niliyoitoa?"

Marahaba, mdogo wangu. Mashine inafaa, na ningependa uendelee. Kinachokukwamisha ni yale maneno mawili uliyoyaandika: "kila kitu". Gentoo haimlazimishi mtu kukompaili kila kitu, na kwa RAM ya GB 4 huo ni mzigo wa bure. Kompaili vile ambavyo una la kuamua juu yake, vingine vyote vichukue vikiwa vimekwishajengwa. Nitakueleza namna ya kugawa.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloamua mengine. Kasi utakayoipata kwa sababu tu umekompaili mwenyewe ni ndogo. Vifurushi vya Mint vimejengwa kwa kompaila ileile ya GCC, na vingi kwa kiwango kilekile cha uboreshaji, -O2, utakachotumia wewe. Ukiandika -march=native unairuhusu kompaila itumie maelekezo yote ambayo prosesa yako inayafahamu, na hilo husaidia kazi zenye hesabu nzito. Lakini hata huko, programu kama ffmpeg hujipimia prosesa zenyewe zinapoanza kazi, popote zilipokompailiwa. Mteja akija kuchapiwa barua ya maombi ya kazi, hakuna tofauti utakayoiona kwa macho. Na usije ukashawishika kuweka -O3 au -ffast-math kwenye mfumo mzima ukidhani unaongeza mwendo. Ya pili hubadilisha hata majibu ya hesabu za desimali ndani ya programu, na hitilafu zake ni ngumu sana kuzisaka.

Uzito wa mashine yako uko kwenye HDD na kwenye RAM. Ukiweka SSD, hata ndogo ya mtumba iliyo nzima, na ukaongeza kipande kingine cha DDR3 ufikishe GB 8, Mint ileile uliyoitoa ingekushangaza. Kama fedha ipo ya jambo moja tu mwezi huu, nunua SSD kabla hujaendelea na Gentoo.

Sasa utaniuliza kwa nini basi mtu ahangaike na msimbo chanzo. Kwa sababu unapata kuamua ndani ya programu kuwe na nini. Hili ndilo jambo ninalolipenda mno kwenye Gentoo na sijaliona likifanyika vizuri namna hiyo kwingine. Kila programu kule ina faili dogo la maelekezo liitwalo ebuild. Ndani yake kuna bendera, zinaitwa za USE, na kila bendera hugeuzwa kuwa chaguo la ujenzi: jumuisha kipande hiki, acha kile. Kipande kilichoachwa hakikompailiwi kabisa, na maktaba ambazo kingezihitaji haziingii kwenye mashine yako.

Chukua mfano wa kazi yako, CUPS, programu inayosimamia printa. Andika:

emerge -pv net-print/cups

Emerge ndiyo amri ya kusakinisha. Herufi p ni ya kujaribu bila kufanya lolote, v ni ya kukuonyesha bendera. Utaona orodha yenye kerberos, ssl, usb, zeroconf na nyinginezo, zilizozimwa zikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Kerberos ni utambulisho wa watumiaji kwenye mitandao ya maofisi makubwa, stationari haiuhitaji. Zeroconf ni ya kuzitafuta printa zilizo kwenye mtandao. Kama printa yako imechomekwa kwa waya wa USB, huihitaji leo, ila siku ukinunua ya WiFi utaitaka. Usb hiyo lazima iwepo. Basi kwenye folda /etc/portage/package.use unaweka faili lenye mstari mmoja:

net-print/cups usb -zeroconf -kerberos

Huo mstari ni uamuzi wako juu ya printa ya duka lako, na hakuna msambazaji yeyote duniani angeweza kukufanyia, kwa sababu yeye hujengea watu wote kwa pamoja. Fanya hivyo kwa programu kumi na tano au ishirini unazozitegemea kwa kazi, ukisoma maana ya kila bendera, na utaielewa mashine kuliko mtu aliyekompaili vifurushi elfu moja usiku kucha akiwa amelala. Usiige orodha ndefu ya USE ya mtu mwingine ukaibandika kwenye make.conf, faili la mipangilio ya mfumo mzima. Na usiandike -* pale; inazima hata vile ambavyo mfumo unavitegemea.

Turudi kwenye LLVM. Ule ujumbe wa Killed haukutoka kwa kompaila. Kompaila imeuawa. RAM ilipokwisha, kerneli (kiini cha mfumo) ilitafuta programu inayokula nafasi kubwa ikaiua ili mfumo mzima usigande. Hakikisha mwenyewe kwa kuandika dmesg mara baada ya tukio. Utakuta mstari unaotaja Out of memory na jina la cc1plus. Core i3 yako ina viini viwili (cores) vinavyoonekana kama vinne, kwa hiyo naamini uliweka MAKEOPTS="-j4". Maana yake umeamuru faili nne zikompailiwe kwa wakati mmoja. Mwongozo wa Gentoo wenyewe unataka upige hesabu ya GB 2 za RAM kwa kila kazi moja, hasa kwenye C++. Wewe una GB 4. Weka kwenye make.conf:

COMMON_FLAGS="-march=native -O2 -pipe"
MAKEOPTS="-j2"

Halafu kwa vile vizito utakavyolazimika kuvijenga, vipunguzie zaidi bila kuchelewesha vingine. Tengeneza faili /etc/portage/env/taratibu.conf lenye MAKEOPTS="-j1" peke yake, kisha ndani ya /etc/portage/package.env andika:

sys-devel/gcc taratibu.conf
net-libs/webkit-gtk taratibu.conf

Ongeza na swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4 hadi 8. Kwenye HDD swapu ni ya polepole, lakini kazi itakayochelewa ni bora kuliko kazi iliyouawa ikiwa imebaki robo. Wakati wa kujenga vitu vikubwa funga mazingira ya dirisha kabisa, fanyia kazi kwenye terminali tupu; kivinjari kilichoachwa wazi kinakula RAM ambayo kompaila inaihitaji. Na ukikutana na ushauri wa kuiweka folda ya ujenzi kwenye RAM ili iende kasi, huo ni wa wenye GB 32.

LLVM yenyewe, hata hivyo, sikushauri uijenge. Wala Rust, wala Firefox, wala LibreOffice. Hapo hakuna uamuzi wowote wa maana unaoufanya. Unachoma umeme tu. Tangu mwishoni mwa Desemba 2023, Gentoo wanatoa rasmi hazina ya vifurushi vilivyokwishajengwa kwa mashine za amd64 (prosesa za biti 64, za Intel pia), na stage3 (mfumo wa mwanzo unaosakinishia Gentoo) za siku hizi huja na anwani ya hazina hiyo tayari ndani ya /etc/portage/binrepos.conf. Unachofanya ni kuongeza kwenye make.conf:

FEATURES="getbinpkg binpkg-request-signature"

kisha unaandika amri ya getuto mara moja ili funguo za kuhakiki saini ziwekwe. Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini sana. Kwenye hazina kuna matawi mawili ya kutofautisha, la x86-64 ya kawaida na la x86-64-v3. Hilo la pili linadai prosesa yenye AVX2 (kundi la maelekezo mapya zaidi), na kizazi cha tatu cha Core i3 hakina. Ukiliweka kwa bahati mbaya, programu zitakufa na neno Illegal instruction, na huenda usiweze hata kuwasha mfumo. Uliza mashine yenyewe:

/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help

Mwishoni kabisa itataja viwango inavyovikubali. Yako itaishia v2, kwa hiyo chukua tawi la kawaida.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba bendera zako zinaheshimiwa. Portage, ambayo ndiyo programu inayosimamia vifurushi vyote kule, huchukua kifurushi kilichojengwa pale tu bendera zake zinapolingana na zako. Zisipolingana, kama kwenye ile CUPS yetu, inakijenga hicho kimoja hapo kwako. Kwa namna hiyo mashine inakompaili zile sehemu ulizozifanyia uamuzi na si zaidi, na kazi ya siku tatu inakuwa ya jioni moja au mbili.

Kuhusu umeme. Kwanza ondoa hofu ya kuharibu mfumo. Portage hujengea kila kitu kwenye /var/tmp/portage, kisha hukipanga kwenye folda ya muda, na mwisho kabisa ndipo hukihamishia kwenye mfumo halisi. Umeme ukikatika katikati ya kukompaili, kilichopotea ni kazi ya kifurushi hicho kimoja. Vilivyotangulia viko salama. Ukiwasha tena, huhitaji kuanza upya kama ulivyofanya. Andika emerge --resume na orodha itaendelea pale iliposimama.

Kifurushi kilichokatizwa ndicho kitaanza mwanzo, na hapo ccache inakuokoa. Iweke mapema, ongeza ccache kwenye ile FEATURES, na CCACHE_DIR="/var/cache/ccache". Kila faili linalomaliza kukompailiwa hutunzwa humo, kwa hiyo ujenzi ukirudiwa, yale yaliyokwisha yanachukuliwa moja kwa moja na kompaila inafanya kazi ya yaliyobaki tu. Ipe nafasi ya GB 5 hivi kwenye diski. Wapo watakaokuambia uendeleze folda ileile iliyokatizwa kwa amri ya ebuild. Inawezekana, lakini baada ya umeme kukatika siiamini: faili la .o (tokeo la kukompaili) lililoandikwa nusu linabaki pale na tarehe mpya, make inaliona kama limekamilika, nawe unapata kosa la ajabu mwishoni au programu yenye kasoro ndani.

Betri ya mpakato ndiyo UPS yako. Kama imekufa, itafutie nyingine kabla ya yote. Na sisi tunaoishi huku pembezoni mwa ziwa tunajua radi zake hupenda kupiga usiku kuelekea alfajiri, saa zilezile fundi anapoacha mashine ikikompaili akaenda kulala. Usiku wenye dalili ya mvua ya radi, chomoa chaji, simamisha kazi kwa Ctrl+C, kesho andika --resume. Kabla ya kujenga chochote cha saa nyingi fungua pia feni uitoe vumbi, na kama pasta ya prosesa imekauka ibadilishe. Mashine ikipata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe, na saa mbili zinakuwa tano.

Bando sasa. Usitumie emerge --sync mara kwa mara. Tumia emerge-webrsync, inayoshusha picha nzima ya hazina ya ebuild kama faili moja lililobanwa. Kisha tenganisha kupakua na kujenga. Amri ya emerge -f huleta misimbo bila kuijenga, hivyo unaweza kuishusha usiku kwa bando la bei nafuu na kujenga mchana bila intaneti kabisa. Kama una mahali pa kupata intaneti nzuri, tuseme rafiki yako wa chuo kule Malimbe au ofisi iliyokuruhusu, toa orodha ya anwani:

emerge -fpuDN @world 2>&1 | grep '^http' | cut -d' ' -f1 > orodha.txt

Chukua orodha.txt kwenye flashi, kule andika wget -c -i orodha.txt, rudi nayo, nakili misimbo kwenye /var/cache/distfiles. Usiogope kwamba flashi itakuwa imeharibu faili. Portage ina alama ya hesabu ya kila faili, na lisilolingana italikataa kabla ya kuligusa.

Na kama huyo rafiki ana kompyuta ya mezani yenye RAM ya kutosha, kuna njia fupi zaidi kwa fundi kama wewe. Chomoa diski ya mpakato, ifunge kwenye ile ya mezani, ingia kwa chroot (amri ya kuingia kwenye mfumo wa diski hiyo ukiwa ndani ya mwingine) kama ulivyofanya wakati wa kusakinisha, ujenge humo. Kabla ya hapo ondoa -march=native. "Native" ni prosesa ya mashine inayokompaili, na ikiwa ile ya mezani ni mpya, utarudi Nyegezi na mfumo usiowaka. Weka -march=ivybridge, ambayo ndiyo prosesa yako, na hakikisha jina hilo kwanza ukiwa kwenye mpakato:

gcc -march=native -Q --help=target | grep march

Kerneli nitaipita haraka. Safari ya kwanza weka sys-kernel/gentoo-kernel-bin pamoja na linux-firmware, mfumo uwake, uzoee. Kujenga kerneli yako mwenyewe ni kazi nzuri ya mwezi wa pili. Siku ukifika huko utaambiwa utumie make localmodconfig, inayobakiza moduli (viendeshi vya vifaa) zile tu zinazotumika wakati huo. Kabla hujaiandika chomeka kila kitu unachotumia: printa, skana, flashi, na hasa simu yako kwa waya ikiwa inakupa intaneti. Simu nyingi za Android hupita kwenye moduli ya rndis_host au cdc_ether. Simu ikiwa mfukoni wakati wa amri hiyo, moduli itaachwa nje, na utawasha kerneli mpya iliyo safi kabisa isiyo na njia ya kufika mtandaoni. Kerneli ya zamani usiifute mpaka mpya imefanya kazi wiki nzima.

Kwa mashine ya umri huo kuna kitu kidogo kinachowatesa wengi bila kujua. Ile betri ndogo ya saa ikifa, na betri kubwa nayo imekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma. Hapo tovuti za https zitakataa kufunguka kwa sababu ya vyeti, configure italalamika kwamba faili jipya ni la zamani kuliko yaliyokuja na msimbo, na make itaandika Clock skew detected. Mtu anaweza kupoteza siku nzima akidhani msimbo ni mbovu. Andika date kila unapowasha, sahihisha, na saa za eneo weka Africa/Dar_es_Salaam. Betri yenyewe mara nyingi ni CR2032, kwenye mipakato huwa ina waya wake mdogo.

Jambo la mwisho la mpango: mashine inayokuingizia chakula ibaki na Mint au Debian. Ikiwa mpakato huu ndio pekee ulio nao dukani, nunua ile SSD, rudisha Mint humo, na HDD ya zamani iwe ya Gentoo jioni, unabadilishana diski au unaitumia kwa kasha la USB. Mteja anayesubiri kuchapiwa fomu kabla basi halijaondoka hawezi kusubiri emerge.

Ukianza tena, fuata mpangilio huu: stage3, kuchagua profaili (seti ya mipangilio ya msingi) kwa eselect profile, make.conf, hazina ya vifurushi, getuto, ndipo package.use, na mwishoni emerge -avuDN @world. Profaili ukishaichagua usiibadilishe katikati ya safari. Kitu kikikataa kujengwa, usisome mstari wa mwisho wa skrini, maana kazi mbili zinapokwenda pamoja kosa lenyewe huwa liko juu zaidi. Fungua build.log ndani ya folda ya temp ya kifurushi hicho kwenye /var/tmp/portage, utafute neno "error:" la kwanza kutoka juu. Ukilisoma na bado hujaelewa, niandikie tena na uniambatishie faili hilo zima pamoja na matokeo ya emerge --info, badala ya picha ya skrini.